Jani la Mtoto

Sumbawanga, Jumapili alasiri

Mwanangu Gaspari,

Umetoka sasa hivi kwenda Chanji kumuaga shangazi yako. Ninavyomjua hatakuachia mpaka umekula, na ukishakula atakulazimisha ule tena, kwa hiyo nina saa mbili, labda tatu. Nimekaa kwenye meza uliyokuwa ukifanyia hesabu za shule. Mlango nimeurudisha, na kila miguu inayopita njiani nadhani ni yako. Nataka barua hii uikute sandukuni ukiwa kwenye treni, umeshaiacha Mbeya nyuma, mahali ambapo huwezi kushuka uje kubishana na mimi.

Habari za blanketi, za sabuni, na za kutolala mdomo wazi mbele ya watu usiowajua tumezimaliza. Jana uliniitikia kabla sijafika mwisho wa sentensi. Ninaloandika ni jingine. Nimejaribu kulisema kwa mdomo mara tatu wiki hii, na kila mara nikaishia kukuuliza kama umekula.

Ni ile fomu ya kiwanda cha nguo unakokwenda. Niliisoma Jumanne nikiwa nimebandika maharage. "Mwanafunzi wa idara ya michoro aje na michoro yake yote aliyowahi kuchora. Mkataba utasainiwa siku ya kuripoti." Maneno mawili, yote na utasainiwa, yalinikamata pale pale niliposimama, na maharage yakaungua. Ulicheka ukasema mama ameanza kuzeeka. Sikuzeeka, mwanangu, niliogopa. Naogopa hadi sasa hivi, na ukiutazama mwandiko wangu utaona mwenyewe.

Daftari lako la jalada jekundu nalijua ukurasa kwa ukurasa. Yumo korongo wa bondeni anayenyanyua mguu mmoja, yamo maboga, zimo zile nira za ng'ombe ulizozigeuza zikawa pindo la kanga, mpaka mtu haamini kwamba ni nira. Ni miaka mitano ya maisha yako. Nilipokuuliza itakuwaje wakilichukua lote, ulinijibu, "Mama, michoro ni michoro tu. Nitachora mingine." Huenda kwako ni kweli. Mimi pia niliwahi kusema maneno hayo hayo, na sikuchora mingine.

Habari yangu wewe unaijua nusu, ile nusu niliyokubali ijulikane. Leo nakupa iliyobaki.

Ulipokuwa bado mchanga, baba yako alikuwa fundi mwashi, na kazi ya uashi inakuja na kuondoka. Mimi nilikuwa na kazi moja niliyoijua vizuri, ya kuchora vitambaa vya kudarizi, niliyoanzia darasani kwa masista. Mwanamke akitaka kudarizi shuka la bintiye anayeolewa, au kitambaa cha kufunikia redio, alikuja kwangu na kitambaa chake. Nilikuwa nachora kwenye karatasi ngumu, halafu natoboa mchoro wote kwa sindano, tundu kwa tundu. Karatasi naitandaza juu ya kitambaa, napitisha pamba yenye bluu ya kufulia iliyochanganywa na mafuta ya taa kidogo. Ukiinua karatasi, mchoro umebaki kwenye kitambaa kwa vidoa vya bluu, na mwenyewe anakwenda kushona akivifuata. Karatasi moja ikitunzwa vizuri inatia vitambaa miaka na miaka. Wengine walikuwa na mashamba, mimi nilikuwa na karatasi zenye matundu.

Nilikuwa nakaa barazani kwa Bi Zuhura. Unamkumbuka, ndiye aliyekuwa akikupa tende ukimsalimia. Yeye na mumewe walikuwa na duka la vitambaa na nyuzi, naye alinipa pembe ya baraza bila kunidai chochote, kwa sababu aliyekuja kwangu kutiwa mchoro aliingia kwake kununua uzi. "Wewe chora, mimi niuze," alikuwa akisema. "Siku tukigombana tutafunga wote wawili." Hatukuwahi kugombana.

Mchoro ulionipa jina ni ule wa ulezi. Kila mtu alikuwa anataka waridi, na mimi waridi nimeliona kwa masista tu, tena ng'ambo ya uzio. Nikachora ninachokijua. Nikachora kichwa cha ulezi kilichoiva, vidole vyake vimekunjamana kidogo, na majani manne, mawili huku na mawili huku. Siku ya kuitoboa karatasi ile ulikuwa mgongoni, unaota meno, umeikasirikia dunia nzima. Ulinipiga teke la mbavu, sindano ikaruka ikatoboa nje ya mstari, chini, upande wa kushoto. Ilikuwa karatasi yangu ya mwisho. Nikafanya ujanja, nikaongeza matundu machache kulizunguka lile la bahati mbaya, likatokea jani la tano, dogo, limeinama peke yake. Nilidhani watu watalalamika, kumbe wakalipenda. Walikuwa wakifika barazani wanasema, "Mama Gaspa, nitie ule wenye jani la mtoto." Walijua linakotoka, maana mtoto mwenyewe alikuwa pale pale mgongoni anapiga kelele.

Ulikuwa na miaka saba alipokuja Ndugu Mkoba. Jina lake halisi nalijua na sitaliandika. Ninyi watoto ndio mliomwita hivyo, kwa sababu hakuuacha mkoba wake hata alipokwenda chooni. Alikuwa anazunguka mikoani kukusanya michoro ya kina mama, ichapishwe kitabu, wanawake wa nchi nzima wajifunze. Aliongea vizuri, sikatai. Alisema taifa halijengwi kwa jembe peke yake, linajengwa pia kwa sindano. Mimi niliyeishia darasa la sita, kuambiwa sindano yangu inajenga taifa! Nilizitandaza karatasi zangu zote mkekani, naye akakaa siku mbili anazinakili moja moja, anakunywa chai yangu na kuisifia.

Siku ya pili akatoa karatasi ya kusaini. Nataka ulijue hili, kwa sababu najua unadhani mama yako alisaini kipofu. Sikusaini kipofu. Baba yako aliniambia, "Mama Gaspa, soma kwanza," nikasoma. Nikasoma mara mbili, tena kwa sauti, nikamweleza na baba yako kwa Kifipa. Ilikuwa imeandikwa: "Haki zote za michoro hii zitahifadhiwa na mchapishaji."

Sasa fikiria nilivyoyasikia maneno yale mimi, mtoto wa kijijini niliyekikuta Kiswahili shuleni. Kwa bibi yako mtu akisafiri kwa ugonjwa au msiba, ulezi wake anauweka kwenye ghala la jirani. Jirani anauhifadhi. Hauli. Panya wakiingia anaanza kuuokoa wa mwenziwe kabla ya wake, maana wake ukiliwa ni hasara, wa mwenziwe ukiliwa ni aibu. Mwaka unapita, hata miwili, mwenyewe anarudi anaukuta. Kuhifadhi nilikokujua mimi ni huko. Nikamwambia baba yako, "Wanasema haki zangu watanitunzia wao, nisihangaike." Na baba yako, ambaye hakuwa mtu wa kusifu watu ovyo, akasema, "Basi hao ni watu." Nikasaini. Nikamshukuru. Nikamfungia na kuku wa njiani.

Naona haya kuandika habari ya yule kuku kuliko ya saini.

Karatasi ilikuwa moja tu, akaitia mkobani akaondoka nayo. Sikuomba nakala. Ningeombaje nakala kwa mtu anayenitunzia mali? Ingekuwa kama kumwomba jirani risiti ya ulezi.

Usije ukadhani mama yako alikuwa mchoyo. Baadaye kidogo niliombwa nishuke Milepa, kwenye kijiji cha ujamaa, nikawafundishe wanawake kazi hii. Nilikwenda, joto la bonde likanichemsha wiki tatu, nami nikawaachia watoboe karatasi zao kwa kufuata zangu. Ule ulezi niliwapa. Jani la mtoto niliwapa. Nilitoa bure na nilifurahi, na mpaka leo nikisikia kuna shuka la Milepa lenye ulezi wangu moyo unatulia. Nilijua nani anautumia, nao walijua umetoka kwa nani. Kutoa hakukuniumiza hata siku moja.

Nimesimama kuchungulia njiani. Ni mbuzi wa jirani tu.

Kitabu kilikuja na mzigo wa Bi Zuhura. Hakuniambia barazani mbele za watu. Alitokeza kichwa mlangoni akasema, "Mama Gaspa, hebu njoo ndani mara moja." Akanikalisha juu ya robota la kitambaa, akakifungua kitabu kwenye mapaja yangu. Ukurasa wa kumi ulikuwepo ulezi wangu, na chini yake wameandika: "Ua Namba Saba."

Ua! Hawakujua hata kwamba ni nafaka. Nilicheka, Gaspari, nilicheka mpaka Bi Zuhura akaogopa, ndipo nikaanza kulia. Jani lako lilikuwepo, limeinama pale pale chini kushoto. Waliichapa bahati mbaya yangu wakaiona urembo. Tukarudi ukurasa wa mwanzo kutafuta jina langu. Lilikuwepo la Ndugu Mkoba kwa herufi nene. Langu halikuwepo, wala la mama mwingine yeyote. Na chini kabisa: "Haki zote zimehifadhiwa. Ni marufuku kunakili mchoro wowote bila ruhusa."

Bi Zuhura akaniuliza, "Zimehifadhiwa kwa nani?"

 Swali lile ndilo lililopaswa kutoka mdomoni mwangu siku ya mkekani, na lilitoka mdomoni mwa mwingine, baada ya mambo kuharibika.

Nilijiambia nitavumilia, michoro ni michoro tu. Mwezi ule ule nikapanda lori kwenda Laela siku ya soko na vitambaa nilivyokwisha kuvitia. Nimetandaza mkeka, wanawake wameanza kuinama kuchagua, akaja kijana muuzaji wa duka la ushirika, kitabu kwapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, samahani, hivi vitu umenakili kitabuni."

"Mimi?"

"Si hii hapa, namba saba? Kitabu kinakataza, mama. Soma mwenyewe." Akaweka kidole kwenye kitambaa, halafu kwenye ukurasa. "Hata hili jani umeliiga. Angekuwa mtu amechora kwa akili yake, lisingefanana hivi."

Kidole chake kilikuwa juu ya jani lako. Teke la mtoto wangu mwenyewe limekuwa ushahidi kwamba mimi ni mwizi. Wale wanawake wakaviachia vitambaa taratibu, kama watu walioshika sufuria ya moto. Nikapelekwa ofisini kwa katibu wa ushirika. Ndugu Katibu hakuwa mtu mbaya. Alinipa kiti, akanisikiliza, kisha akasema kwa upole, "Mama, hivi ua ni la mtu? Zama hizi kila kitu ni chetu sote. Tena hii biashara ya mtu mmoja mmoja, mimi nikuambie nini? Rudi nyumbani, jiunge na wenzako."

Nikasema, "Ndiyo, ndugu." Jibu lilinijia ndani ya lori, tumekwisha kuiacha Laela mbali. Kama ni letu sote, mbona mimi peke yangu ndiye niliyekatazwa kulinakili? Lakini jibu la ndani ya lori halimsaidii mtu.

Nikaacha kazi. Watu niliwaambia macho yamechoka. Hiyo ndiyo nusu unayoijua, mama aliacha kuchora kwa sababu ya macho. Macho yangu hayana kitu. Karatasi nilizisukuma chini ya godoro, na nikawa mtu wa kushtukia kila mwenye kalamu.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito.

Ulikuwa na miaka tisa. Ulikuwa umelala kifudifudi hapa sakafuni, unachora jogoo kwenye daftari la hesabu, na jogoo yule alikuwa na shingo ambayo mimi kwa umri wangu wote nisingeweza kuichora. Nilimwona, nikajua papo hapo mkono wako ni mkono gani, nikaingiwa na hofu kubwa. Badala ya kukaa chini kando yako nilikupiga kofi la mkono. Nikalichana daftari. Nikasema, "Ukichora watakuibia! Kalime!" Hukulia. Ulikusanya vipande ukavitia jikoni mwenyewe, moto ukavila, nami nikasimama naangalia.

Ulikaa miaka miwili hujachora mbele yangu. Nilikuwa nikifagia naokota vikaratasi chini ya kitanda chako, vya ndege, vya majani, vidogo vidogo kama vya mtu anayejificha, nami navirudisha pale pale nilipovikuta, nikijifanya sijui. Hatujawahi kulizungumza. Ndugu Mkoba alininyang'anya mimi, na mimi nikaja kukunyang'anya wewe, tena nikijidai nakukinga. Nisamehe, mwanangu. Nilipaswa kuyasema haya ukiwa umekaa mbele yangu, lakini mama yako ni mwoga wa maneno ya namna hii.

Aliyenitoa gizani ni Bwana Ambakisye, karani wa mahakama, yule mtu wa Tukuyu aliyepanga nyumba ya nyuma. Alikuja siku moja kuniomba nimtilie mkewe kitambaa. Nikamjibu vibaya, akashangaa, na kwa kuwa alishangaa kwa adabu nikajikuta nimemweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

"Mama Gaspa, ipo sheria. Inaitwa hakimiliki. Mchoro ni wa aliyeuchora, toka siku alipouchora. Hakuna ofisi ya kuuandikisha, hakuna ada."

"Hata wa mtu wa barazani?"

"Sheria haiulizi baraza. Na lile jani ndilo shahidi wako. Mtu hawezi kuliota jani lile usingizini. Aliyenalo amelitoa kwako."

Nilidhani nimepona. Kumbe alikuwa hajamaliza. "Ila sasa uliweka saini," akasema. "Sheria hiyo hiyo inasema mwenyewe anaweza kuitoa haki yake kwa maandishi. Neno kuhifadhi kwenye mikataba si kumtunzia mtu, mama. Ni kujiwekea." Akaniomba nakala ya ile karatasi, aone kama kuna upenyo. Nikamwambia sina. Akavua miwani yake akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Tuliandika barua mbili kwenye anwani ya kitabuni, akazipiga chapa yeye mwenyewe. Hazikujibiwa.

Tangu siku ile nimeogopa karatasi kwa kutumia akili zaidi kidogo. Na Jumatano, baada ya kuisoma fomu yako, nilikwenda kwa Bwana Ambakisye na mtandio nimeuvaa nje ndani, sikujua mpaka aliponiambia. Nilimuuliza, je, watamnyang'anya? Akasema, "Usiwahukumu watu kabla hawajafanya kitu. Atakachokichora kwa mshahara wao ni chao, hiyo ni haki kabisa. Alichokwenda nacho ni chake mpaka atakapokitoa kwa saini. Mwambie akauonyeshe mkono wake, asiende kuuacha." Akasema pia kwamba mchoro wenye jina na tarehe unajisemea wenyewe, na kwamba mtu anaruhusiwa kuomba mkataba akausome mpaka kesho yake, na anaruhusiwa kutaka nakala. Nakuandikia kama alivyosema. Mimi sheria siijui, ninachokijua ni namna inavyouma usipoijua.

Kwa hiyo siku ile wakikuletea kalamu, mwanangu, wewe uliza swali la Bi Zuhura. Kwa nani? Uliza kwa heshima, huku unatabasamu kama unavyojua, lakini uliza. Wakikuona mshamba wa Ufipa, nenda nao hivyo hivyo. Ushamba wa kuuliza unakwisha siku moja.

Ningependa barua iishie hapa, ingekuwa barua nzuri. Bado kuna jambo moja.

Leo asubuhi ulipokuwa unaoga nilifungua sanduku lako. Niliinua mashati, nikatoa daftari jekundu, nikalifunga kwenye kanga yangu ya zamani nikalizamisha ndani ya debe la unga wa ulezi. Hujui bado. Nilipanga ukalikose huko huko, uwaambie wakubwa limepotea safarini, nao wasiwe na cha kuchukua. Kanisani nilisali kwa midomo tu, akili iko kwenye debe. Ulipokuja kunibusu ukiondoka kwenda Chanji ukasema, "Mama, mbona una unga kwenye nywele?" nilijipangusa nikakuhimiza uwahi kwa shangazi.

Na wakati naandika ukurasa wa kwanza wa barua hii, nilikuwa bado nataka kuliacha mle. Nilikuwa na maneno yangu ya kukuambia nitakapokuandikia baadaye. Ningesema: usikasirike, mwanangu, daftari lako nimelihifadhi.

Hilo neno nimelisikia likitoka kinywani mwangu, peke yangu hapa mezani.  Yule wa mkoba alau aliniwekea karatasi mbele yangu nisaini. Mimi nimekuchukulia ukiwa bafuni.

Basi nimekwenda kwenye debe. Nimelitoa, nimelikung'uta, limeingia unga kidogo katikati ya kurasa za korongo, utanisamehe na hilo. Nimelirudisha chini ya mashati, upande ule ule uliolilaza. Ukiwapa lote, ni wewe umewapa. Ukiwaonyesha kurasa tatu na nyingine ukazibakiza sandukuni, ni wewe pia. Ukija kuniandikia kwamba ni watu wema na mimi nilikuwa nahangaika bure, nitaisoma barua hiyo kwa sauti barazani kwa Bi Zuhura.

Ndani ya daftari utaikuta ile karatasi yangu ya ulezi. Ishike kwenye dirisha la treni, mwanga utapita kwenye matundu na utaliona jani. Hiyo nimekupa. Siyo ya kunitunzia, ni yako.

Jambo la mwisho, nasikia kicheko chako kule kwenye kona na shangazi yako amekusindikiza, Mungu wangu, atataka kuingia. Nimepekua daftari lote na hakuna mahali umeandika jina lako, si kwenye jalada, si nyuma ya mchoro hata mmoja. Nilishika kalamu nikuandikie mimi. Nilikwisha kuandika herufi G kwa penseli, nyembamba, kwenye ukurasa wa kwanza, kisha nikaifuta. Kalamu ya wino nimeiweka humo humo, kati ya jalada na korongo. Njia ni ndefu na treni inatikisika, lakini andika.

Mama yako